Naomba ushauri: orodha ya filamu za Kiswahili niipange vipi?

Wakuu, habari. Naandaa orodha ya filamu za Kiswahili kwenye Excel: jina, mwongozaji, mwaka, lugha. Majina ndiyo yanasumbua zaidi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) inajulikana pia kama Tug of War. Bila safu ya jina la pili inaingia mara mbili na hesabu inaharibika. Kwa mwaka nafuata onyesho la kwanza kwenye tamasha, maana tarehe ya kufika kumbi za sinema hutofautiana nchi kwa nchi.

Sasa Nairobi Half Life (2012) imechanganya Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza. Iingie humu, au ianzishiwe orodha ya filamu za maisha ya mjini? Nyie mnapima kwa lugha ya mazungumzo mengi, au ya mhusika mkuu?