Tupeane uzoefu: ulijuaje mimba yako ni ya wiki ngapi?

Dada zangu wa Lamu na Malindi, asalaam aleikum. Kliniki wameniuliza hedhi ya mwisho niliona lini. Nanyonyesha, na tangu nizae sijaona siku zangu. Nyinyi mlijibu nini?

Mama Pacha, Malindi: Mimi nilikuwa nimetoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango, hedhi haina mpango. Nesi akapima tumbo kwa utepe akasema miezi saba. Kupigwa picha ya tumbo (ultrasound), kumbe wako wawili, na miezi haijafika sita! Utepe hukadiria tu hata kwa mtoto mmoja, na pacha au uvimbe kwenye kizazi huupoteza zaidi.

Bint Amu: Tarehe sikuwa nayo, ila deni la saumu nilikuwa nalo. Nilijua hedhi ilinikamata Ramadhani ya 2024, siku nne kabla ya Idi. Nesi akafungua kalenda: Idi ilikuwa 10 Aprili, basi hedhi 6 Aprili. Akaongeza siku 7, akarudi nyuma miezi 3, ikatoka tarehe ya kujifungua: 13 Januari ya mwaka uliofuata. Shoga, usiseme hukumbuki kabla hujajiuliza ulikula siku zipi. Maulidi, arusi, siku mume aliporudi bahari, vyote vinasaidia.

Tabu ilikuja nyumbani. Mama mkwe alihesabu miezi tisa ya mwandamo tangu hedhi ile. Hiyo ni kama siku 266, na hospitali wanahesabu 280. Wiki mbili nzima naambiwa nimepitiliza, nipande boti nikaanzishiwe uchungu! Nilikaa zangu.

Nesi mstaafu: Binti yangu mwenye kunyonyesha, wewe kapigwe picha mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri moja kabla ya wiki 24, na ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo hukosea siku chache tu. Ya mwisho mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu, maana watoto hapo hawakui sawa. Kwa hiyo ukipewa tarehe mpya mimba ikiwa ya miezi minane, usikubali ifute ile ya mwanzo. Mtoto akizaliwa mdogo, tarehe ndiyo inayotuambia kama ni njiti au ametimia lakini hakukua vizuri tumboni, na matunzo yao si mamoja.

Aliyeuliza: Ahsante, shikamoo mama. Kichefuchefu kimeanza juzi tu, kwa hiyo nimewahi. Bint Amu, picha mnapigia Lamu mjini au mnavuka?