Naombeni ushauri: turbo ya 62 au 67 kwenye 2JZ? Lengo farasi 600

Kipepeo_J
Wakuu, salamu. Nina 2JZ (injini ya Toyota ya silinda sita) kwenye gari la barabarani, naenda nalo kazini kila siku. Turbo iliyopo ni ndogo, nasukuma bar 1.2. Hadi mizunguko 5,000 inavuta vizuri, ikikaribia 5,500 inakatakata kama mtu anayechezea swichi. Nahisi turbo imeishiwa pumzi. Nisaidieni kuchagua kipenyo cha gurudumu la kusukuma hewa la turbo: milimita 62 au 67? Nataka farasi 600. Silali vizuri kwa jambo hili.

MzeeWaSpana
Turbo ikiishiwa pumzi haikatikati, mkuu. Presha inalegea taratibu na gari linazubaa tu. Kukatakata ni moto wa plagi au mafuta. Injekta zipi? Pampu ipi? Plagi zina mwanya kiasi gani?

BrekiKwanza
Kabla ya turbo, breki. Mafuta ya breki huvuta unyevu kadiri yanavyokaa. Yakipata moto yanachemka, pedali inazama hadi sakafuni. Vijana mnawaza kwenda tu, kusimama hamuwazi.

Nati_Kumi
Kazini kwenyewe unaenda na farasi 600 kupeleka barua?

Kipepeo_J
Breki ziko sawa. Injekta ni 440 cc, pampu ya mafuta ni ya kiwandani lakini nzima kabisa. Plagi mpya, mwanya 1.1. Waya za plagi pia nimebadilisha juzi, kwa hiyo moto siyo tatizo. Narudia swali: 62 au 67?

Hesabu_ya_Nozeli
Injini ya turbo ya petroli inakula takriban gramu 270 kwa saa kwa kila farasi. Kwa farasi 600 na silinda 6, ukitaka injekta isikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda, unahitaji kama 770 cc kwa dakika kila moja. Mtu mwenye akili anaweka 1,000 abaki na akiba. Hizo 440 zako zinaishia karibu farasi 350. Hata ukifunga turbo ya lori, hapo ndipo ukuta ulipo.

Pampu nayo: presha ya mafuta kwenye reli ya injekta lazima ipande sambamba na busti (presha ya turbo). Kama msingi ni bar 3, ukiwa na busti ya 1.2 geji isome 4.2. Ikishuka chini ya hapo mizunguko ikipanda, pampu imeshindwa. Na usiihukumu kwa sauti, pima volti kwenye kiunganishi cha umeme cha pampu ikiwa kazini. Waya mwembamba wa kiwandani unakula volti, mtu anatupa pampu nzima bure. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei na fyuzi.

Oili_Inarudi
Hamjamuuliza bomba la kurudisha oili. Liwe na kipenyo cha milimita 16 au zaidi, literemke moja kwa moja bila kujikunja, liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likiwa na tumbo, oili inajaa ndani ya turbo, inapita sili, unaona moshi wa bluu na kulaumu ringi.

Gasketi_Mbili
Subirini kwanza. GTE (2JZ yenye turbo ya kiwandani) za mwanzo hazina waya za plagi. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Huyu "amebadilisha waya za plagi juzi" kwenye injini ipi? Hadithi ya kutunga hii. Mnamfundisha mtu ambaye gari lake liko kwenye simu.

Nati_Kumi
😂😂 Kipepeo karuka.

MzeeWaSpana
Kipepeo, jibu hilo kabla mtu hajaandika mstari mwingine.

Kipepeo_J
Sijatunga. Sikusema popote ni GTE, nimesema 2JZ. Ni GE, ile isiyo na turbo kiwandani, niliyoifunga turbo. Na GE nyingi tu zinasukuma busti hiyo, kwa hiyo sikuona haja ya kutaja.

Gasketi_Mbili
Sawa, naondoa neno "kutunga". Lakini hiyo ndiyo habari yote, ndugu yangu! GTE ina kompresheni (uwiano wa kubana hewa) ya 8.5 na vinyunyizio vya oili vinavyopoza pistoni kutoka chini. GE yako ni 10 au 10.5 na haina vinyunyizio hivyo. Mapu ya ECU (kompyuta ya injini) umeitoa wapi?

Kipepeo_J
Rafiki alinipa ya kwake. Gari linawaka vizuri na asubuhi haligomi.

Gasketi_Mbili
Yake ni GTE?

Kipepeo_J
Ndiyo. Lakini injini ni 2JZ zote.

MzeeWaSpana
Basi taimingi ya cheche uliyonayo ni ya kompresheni ya 8.5, mafuta yanakwisha juu, na hewa imebanwa kwenye 10. Hiyo injini inagonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe ndani ya silinda, hata kama ekzosi inakuficha sauti. Toa plagi zote sita, uzipange kwa namba. Chukua kioo cha kukuzia na tazama porseleni nyeupe kwenye ncha. Ukiona vidoti vyeusi kama pilipili manga, imegonga. Vikiwa vinang'aa kama fedha, hiyo ni alumini, pistoni inaliwa.

Moto wa plagi pia si mzima. Mwanya wa 1.1 ni mpana mno kwa busti hiyo. Hewa ikibanwa, cheche inashindwa kuruka. Weka 0.7, na plagi iwe baridi zaidi kwa hatua moja. Kwenye NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa hiyo kama ni 6 weka 7.

Kipepeo_J
Nimezitoa. Namba 5 ina vidoti. Vichache. Vinang'aa. Na kweli siku hizi bomba la kupumulia injini linafuka kidogo, nilidhani ni baridi.

Hesabu_ya_Nozeli
Usiliwashe tena. Fanya kipimo cha uvujaji: pistoni iwe juu kabisa, valvu zimefungwa, ingiza hewa ya kompresa. Chini ya asilimia 10 ni nzuri. Kisha sikiliza inatokea wapi. Mdomo wa oili ni ringi au pistoni. Ekzosi ni valvu. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Kipepeo_J
Si naweza kuweka gasketi nene tu? Nimesikia inashusha kompresheni.

Gasketi_Mbili
Inashusha, ila kidogo. Silinda moja ni 86 kwa 86, kama cc 500. Ukiongeza unene wa milimita 0.7 unapata cc 4 tu, unatoka 10 hadi 9.4 hivi. Haiponyi pistoni iliyovunjika ukingo wa ringi. Kama utafungua, weka pistoni za kufoji za 8.5, na mwanya wa ringi ya juu karibu milimita 0.5, ya pili uzidi kidogo. Ukibana mwanya huo, ringi ikipata moto ncha zinagusana na ukingo unakatika palepale.

Mapu ianze upya, na kipimo cha lambda (uwiano wa hewa na mafuta) kwenye ekzosi, lambda 0.78 hadi 0.80 chini ya busti. Taimingi anza chini, ongeza digrii moja moja. Digrii isiyoleta nguvu, irudishe.

Kipepeo_J
Nimepima. Namba 5 inavuja asilimia 31, nyingine zote chini ya 9. Ukiweka kiganja kwenye mdomo wa oili upepo unausikia. Haya, nafungua. Ila turbo ya 67 nimeshalipia tangu wiki iliyopita. Na pistoni za 8.5 si itakaa tu?

MzeeWaSpana
62. Inafika 600, na kwa gari la kwenda kazini inaamka mapema. Hiyo 67 waulize kama wanapokea kurudishiwa.