Nyumba ya Bibi Sinza: Asha anaomba tumchagulie maigizo

IJUMAA

Asha: Shikamooni wakubwa zangu, Bibi, Mama, Mjomba, Shangazi. Wadogo, mambo. Huku Edinburgh tamasha la Fringe limeanza, mji umefurika mpaka kuvuka barabara ni kazi. Nimetenga pauni 50 za maigizo, sina zaidi. Kitabu cha ratiba kina maonyesho zaidi ya 3,000. Nisaidieni kuchagua.

Mama Asha: Marahaba mwanangu. Umekula?

Asha: Nimekula Mama. Wali na maharage.

Mama Asha: Na koti unavaa?

Asha: Navaa. Agosti ya huku ni kama Julai ya Lushoto, na mvua juu yake.

Shangazi Rehema: Marahaba. Elfu tatu kwa mwaka mzima?

Asha: Kwa mwezi huu wa nane tu Shangazi, wiki tatu na siku kidogo. Kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Kumbi za kweli, makanisa, madarasa ya chuo, vyumba vya juu ya baa. Mwaka 2019 ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 3.

Juma: Dada nenda kawaone wale wanaojulikana kwenye TV. Usije ukapoteza hela.

Mjomba Rashidi: Hapana Juma. Wa kwenye TV atawaona kwenye TV. Asha, marahaba mama. Umefika mpaka huko, kaone igizo lililoandikwa mwaka huu, ambalo hakuna aliyekusimulia linaishaje. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile, igizo la mzee wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1969 alikuwa hajafika hata miaka 30. Leo ni kitabu cha shule, mtoto anaujua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Lakini walikuwepo watu waliokaa wakalitazama bila kujua kama yule mzee mwishoni ataukana usemi wake kuhusu maji au hataukana. Hao nawaonea wivu mpaka leo. Hiyo nafasi wewe unayo sasa hivi, kila siku, ukitembea kwa miguu.

Neema: 👏👏

Juma: Sawa Mjomba. Ila likiwa baya?

Mjomba Rashidi: Likiwa baya atajua kwa nini ni baya. Mimi pale Chuo cha Sanaa Bagamoyo nilijifunza zaidi kwenye maigizo ya wenzangu yaliyoanguka.

Asha: Na Juma, hao wa TV wengine walianzia hapa hapa. Fleabag ya Phoebe Waller-Bridge ilikuwa mtu mmoja na kiti, Fringe ya 2013. SIX, lile igizo la nyimbo la wake wa Mfalme Henry, lilikuja 2017 na wanafunzi wa chuo cha Cambridge. Siku za mwanzo mtu angeweza kupita mlangoni bila kugeuka.

Shangazi Rehema: Sasa nani anawachagua hao elfu tatu? Kuna kamati?

Asha: Hakuna Shangazi, na hilo ndilo lililonishangaza. 1947, vita vimeisha juzi tu, Edinburgh walianzisha tamasha kubwa la kimataifa lenye wageni waalikwa. Vikundi 8 vya maigizo vikaja bila mwaliko, 6 vya Scotland na 2 vya Uingereza yenyewe, vikatafuta kumbi zao pembeni. Kimoja kilicheza kwenye abasia ya Dunfermline, nje kabisa ya mji. Mwaka uliofuata mwandishi wa habari mmoja akawaita watu wa "fringe". Mpaka leo hakuna anayekuchagua. Ukipata chumba na ukalipa ada ya kuandikishwa, umo kitabuni.

Neema: Bibi yuko hapa ananisikiliza nikisoma. Anauliza fringe ni nini kwa Kiswahili.

Asha: Ukingo. Pembeni ya kitu. Kama nyuzi za mwisho wa shuka.

Neema: Bibi anasema hilo ni PINDO. Anasema kanga ina mji katikati na pindo linazunguka pande zote nne. Sasa huko mji ni wale walioalikwa na pindo ni hawa wengine. Anauliza lipi ni kubwa siku hizi.

Asha: Mwambie Bibi pindo limeushinda mji kwa mbali sana.

Neema: Anasema basi nenda pindoni.

Mama Asha: Mama ameshaamua 🙏

Asha: Haya, ninavyopanga ni hivi. Moja Traverse, ukumbi uliopo tangu 1963, kazi yake hasa ni tamthilia mpya. Pale igizo moja linabadilishiwa saa kila siku: leo saa 4 asubuhi, kesho usiku, ili kila kikundi kionje saa nzuri na saa mbaya. Nitaenda la saa 4 asubuhi, lina madada wawili wanagombania kuuza nyumba ya baba yao. La pili Summerhall, zamani kilikuwa chuo cha madaktari wa mifugo. La tatu nitaliacha kwa bahati, nitachukua karatasi ya tangazo ya atakayenipa kwenye Royal Mile, barabara ya katikati ya mji. Tiketi ya kawaida ni kama pauni 12, karibu elfu 40 ya kwetu. Yakiisha hayo, mengine nitaenda ya bure, unatia unachoweza kwenye ndoo mlangoni.

Mjomba Rashidi: Hilo la tatu ndilo nitakalolisubiri. Kuna tuzo yoyote ya kazi mpya?

Asha: Ipo, ya gazeti la The Scotsman, inaitwa Fringe First. Ipo tangu 1973 na ni ya maigizo mapya tu. Wanaitoa kila wiki tamasha likiendelea, kwa hiyo aliyeshinda wiki ya kwanza bado unamkuta jukwaani.

Mjomba Rashidi: Zuri sana hilo. Kwetu mtu anasifiwa akishavunja jukwaa na waigizaji wameshatawanyika.

Shangazi Rehema: Jamani bando langu linaisha, mtanisimulia.

JUMAPILI

Asha: Nimerudi. Kaeni.

Juma: Tumekaa.

Asha: Traverse: zuri, limeshonwa vizuri, waigizaji wanajua kazi. Nililia kidogo kwenye mgawanyo wa vyombo vya jikoni. Summerhall: chumba chenyewe kilinitisha kuliko igizo. Mabenchi yamepanda wima kama ngazi, wanafunzi wa zamani walikuwa wanakaa juu kutazama chini mnyama akipasuliwa. Mwigizaji mmoja chini pale, anasimulia mama yake aliyekuwa nesi wa zamu ya usiku. Taa moja. Dakika 60 kamili.

La tatu sasa. Royal Mile, mvua inanyesha, vijana wamejipanga njia nzima wanagawa karatasi, kila mmoja ana sentensi moja ya kukukamata. Dada mmoja hakuwa na sentensi. Aliniambia tu, "Ni kuhusu bibi yangu, nimeandika mwenyewe, ni saa 8 na nusu." Nikamfuata. Chumba cha juu ya baa, viti kama 40, tulikuwa watu 7.

Mama Asha: Saba tu? Maskini.

Asha: Saba Mama. Na alicheza kama tuko mia saba. Anatoka Wales. Bibi yake alikuwa amesahau Kiingereza kwa ugonjwa, amebaki na Kiwelshi peke yake, na mjukuu Kiwelshi hakijui vizuri. Kwa hiyo anakaa kando ya kitanda anajifunza lugha kwa bibi anayesahau. Robo ya igizo ni Kiwelshi, hakuna tafsiri. Sikuelewa neno, nikaelewa yote. Kuna mahali anauliza jina la kijiko, bibi anampa jina la kijiji, na mtoto anaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Akimaliza hakuna pazia, akashuka akakimbia mlangoni kushika ndoo yake na kumshukuru kila mtu. Nilitia pauni 10. Nimesimama pale nje nikashindwa kuondoka.

Neema: Bibi ameniambia nirudie kusoma hapo pa kijiko.

Mjomba Rashidi: Mwanangu hilo ndilo. Hata likifa Agosti hii, watu saba wanalo. Na ya lugha usistaajabu. London mwaka 2012, kwenye jukwaa la Globe, Shakespeare alichezwa kwa Kiswahili na Wakenya, ile ya wake wawili wa Windsor. Watazamaji wengi hawakijui Kiswahili, wakacheka kwa wakati wake.

Juma: Mjomba, dada, mnanipa moto. Sisi igizo letu la Luku tungeweza kwenda huko?

Shangazi Rehema: Lipi hilo?

Juma: Nyumba moja, wapangaji sita, mita ya umeme moja. Mmoja ana friji ya kuuza barafu, mmoja ana balbu tu, mama mwenye nyumba anagawa gharama sawasawa. Tumeliandika wenyewe tangu Machi. Tuko 11. Tulienda kuomba ukumbi mmoja mjini wakatutajia bei ya harusi. Wenzangu wawili walikata tamaa siku ile ile.

Asha: Mdogo wangu nitakwambia ukweli kwa sababu nakupenda. Kuja huku hakuna wa kukukataa, ila kuna wa kukulipisha. Chumba, ada, viza, nauli, na kulala: Agosti kodi ya kitanda hapa inapanda vibaya, hata vikundi vya Uingereza vinalia. Wengi wanarudi na madeni. Usianzie huku. Lakini mbinu yao chukueni. Chumba kimoja kinapokea vikundi sita saba kwa siku, kila kimoja na saa yake moja, kati yao dakika chache za kutoa vyombo na kuingiza vingine. Ndiyo maana hakuna kuta za mbao wala makochi. Kinachoingia kwenye begi ndicho kinachopanda jukwaani. Lenu lina muda gani?

Juma: Saa mbili na kitu.

Mjomba Rashidi: Saa moja Juma. Na watu watano.

Juma: Mjomba, wapangaji ni sita!

Mjomba Rashidi: Mmoja awe mlango uliofungwa. Yule mwenye balbu tu. Hatoki kamwe, wanamgongea, wanamsema, taa yake inaonekana chini ya mlango. Mama mwenye nyumba naye achezwe na mwenye friji, akijifunga kanga nyingine. Halafu ile harusi ya katikati toeni.

Juma: Harusi ndipo watu wanapocheka kuliko kote.

Mjomba Rashidi: Wanacheka na mita wanaisahau. Mkitoka harusini mnatumia dakika kumi kuwarudisha. Mimi nimeliona mara mbili, nimehesabu.

Juma: ...

Juma: Nitaongea na wenzangu. Ila mistari miwili ya bibi harusi nitaiokoa, ataisema mwenye friji.

Mjomba Rashidi: Okoa.

Neema: Bibi anauliza kwa nini msicheze hapa uani kwake. Anasema uani kwake na mita iko pale pale ukutani.

Mama Asha: Mama hapo ndipo tunapoanikia nguo.

Neema: Anasema kamba ifunguliwe.

Mjomba Rashidi: Bibi amemaliza maneno. Jumapili ijayo. Saa 11 kamili jioni, saa 12 tumemaliza, adhana ya Magharibi itukute tunakunja mikeka. Nitapeleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa kesho. Kiingilio hakuna, ndoo mlangoni. Siku mkija kuuza tiketi tutakwenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa utaratibu, na likishakomaa tutaulizia kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni au tamasha la Bagamoyo.

Shangazi Rehema: Mimi nina mikeka minne. Na kahawa nitapika.

Juma: Mjomba, siku saba kupunguza nusu nzima?

Mjomba Rashidi: Kesho saa 10 njoo na daftari, tukate pamoja. Hutakata peke yako.

Asha: Juma, usiwaambie watu hadithi kabla. Waambie saa tu, na kwamba mmeandika wenyewe. Saa 11 yenu ni saa 9 alasiri kwangu. Neema utanishikia simu, sitaki nione nusu jukwaa.

Neema: Nitakaa kwenye ngazi ya jikoni, panaonekana pote.

Mama Asha: Asha siku hiyo si ulisema una igizo jingine?

Asha: Lile la bure Mama. Nitaliona Jumatatu.

Juma: Watakuja wangapi kweli?

Asha: Wakija saba, cheza.

Juma: Sawa. Naombeni kiti kimoja cha mbao, cha plastiki kinateleza kwenye saruji. Na yule anayekaa ndani ya chumba cha Bibi awe mtu mvumilivu, ana kazi ya taa peke yake saa nzima.

Neema: Bibi anasema taa atawasha yeye.