Naomba ushauri: kuunganisha Slack na Teams bila ujumbe kujirudia
Habari zenu wakuu. Timu yetu inatumia Slack (programu ya kutumiana ujumbe kazini), wenzetu wa huduma kwa wateja wako Teams (ya Microsoft, ya kazi hiyohiyo), na hakuna upande ulio tayari kuhama. Nimejenga mtiririko kwenye n8n (programu ya kuunganisha huduma ili kazi zijiendeshe zenyewe): ujumbe wa Slack unanakiliwa Teams, na wa Teams unarudi Slack.

Mwanzoni roboti ilikuwa inasoma ujumbe wake yenyewe na kuutuma upya bila kukoma. Hilo nimelimaliza kwa sharti moja: ujumbe wenye bot_id (alama kwamba umetumwa na roboti) urukwe. Lakini bado baadhi unafika mara mbili. Slack ikituma tukio (taarifa ya ujumbe mpya) husubiri mtiririko ujibu ndani ya sekunde 3, isipopata jibu hutuma tukio lilelile tena, hadi mara 3, na mtiririko wangu hujibu baada ya hatua zote kuisha. Je, nijibu kwanza kazi iendelee nyuma, au nihifadhi event_id (kitambulisho cha tukio) kwenye jedwali na kukagua kabla ya kutuma? Au yote mawili?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni majibu ndani ya uzi (mazungumzo yaliyo chini ya ujumbe mmoja). Slack hutambua uzi kwa thread_ts, Teams ina kitambulisho chake. Nisipovioanisha, jibu linaelea peke yake na wenzangu hawajui linahusu tatizo la nani. Mteja anaendelea kusubiri, na hilo linanikosesha raha kabisa.

Aliyewahi kufanya hivi, jozi za vitambulisho hivyo ulizihifadhi wapi? Na mtu akihariri au kufuta ujumbe, upande wa pili ulifanyaje? Nitashukuru sana.