Kushuka mlima kunaua mapaja ila pumzi ipo: sababu ni nini?

Mpagazi_Moshi
Wakuu, salaam. Nabeba mizigo Kilimanjaro, kilo 20 kwa safari. Tukipanda ni kuhema mwanzo mwisho, ila kesho yake miguu haidai. Tukishuka njia ya Mweka ni stori na vicheko, pumzi ipo, halafu baada ya siku mbili hata kukaa chooni ni kazi. Hali huwa mbaya zaidi mwanzo wa msimu, baada ya masika. Mwenzangu anasema ni asidi imeganda kwenye msuli. Kweli?

FizioDada
Pole kaka. Si asidi. Ingekuwa ndiyo, kupanda ndiko kungekuumiza, maana huko ndiko inakozalishwa kwa wingi, na ukipumzika saa moja hivi damu huwa imeshaiondoa.

Safari ijayo, ukishuka kwenye jiwe, weka kiganja juu kidogo ya goti la mguu uliobaki nyuma. Utasikia msuli wa mbele wa paja umekaza, na wakati huohuo goti linakunjika na msuli unavutwa urefuke. Unafanya kazi ya breki. Msuli uliokaza huku ukivutwa hutoa nguvu kubwa kuliko unapojifupisha, kubwa hata kuliko unapokaza bila kusogea. Kwenye uzi wa msuli wa chura maabara, nguvu hiyo hukaribia mara mbili. Kwa mtu anayekaza kwa hiari yake ongezeko ni dogo zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu huzuia msuli usikaze hadi mwisho.

Sasa, kila uzi ukitoa nguvu nyingi, nyuzi chache zinatosha kuubeba mzigo uleule. Oksijeni inatumika kidogo, ndiyo maana mnapiga stori. Lakini nyuzi hizo chache ndizo zinazobeba kila kitu, na vipande dhaifu ndani yake vinavutwa kupita kiasi na kuharibika. Maumivu huja baadaye, makali zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Mwaka 1952 huko Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zimepeana mgongo. Mmoja anakanyaga mbele, mwenzake anazuia pedali zinazomrudia. Nguvu ni ileile, ila anayezuia alitumia oksijeni kidogo sana. Jaribio hili nalipenda mno: mwanamke mwenye mwili mdogo anaweza kumchosha mwanamume kwa kuzuia tu.

Kocha_Riadha
Dada, kwa hiyo wanariadha wangu wakijinyoosha kabla ya mbio wanaongeza nguvu?

FizioDada
Hapana kocha, usichanganye. Hao wananyoosha msuli uliolegea, na ukiushikilia zaidi ya dakika moja nguvu hupungua kidogo kwa muda. Mimi nazungumzia msuli unaofanya kazi. Na huo, hata mvuto ukikoma, hubaki na nguvu zaidi ya ungekuwa umekaza tu kwa urefu uleule bila kuvutwa. Imepimwa kwa watu, kwenye msuli mdogo wa kidole gumba. Anayetajwa sana kuhusika ni taitini, protini kubwa ndani ya uzi inayofanya kazi ya springi: kalsiamu ikiingia msuli ukikaza, nayo inakuwa ngumu zaidi kuvutika.

Mpagazi_Moshi
Nimekupata dada. Sasa tufanyeje kabla ya msimu?

FizioDada
Zoezeni kushuka. Wiki mbili hivi kabla ya safari, tafuta ngazi au mteremko, shuka taratibu bila mzigo. Au simama, chuchumaa polepole sana, kisha inuka kawaida. Anza kidogo, utaumwa kiasi, na hayo maumivu madogo ndiyo yanayouandaa msuli, kinga yake hudumu wiki kadhaa. Mzigo uongezwe baadaye.

Na mwambie kila mwenzako: baada ya kushuka, paja likivimba sana na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, hospitali siku hiyohiyo. Msuli uliovunjika unaweza kuharibu figo.