Mrejesho: tumehamia programu mpya ya CNC
Wakuu, niliuliza kama tuachane na programu ya zamani ya kupangia njia za kukata kwenye mashine yetu ya CNC (ya kuchonga chuma kwa kuongozwa na kompyuta), iliyokuwa ikituvunjia vikataji kwenye kona. Tumehama, na nawashukuru sana.

Aliyesema tukague kwanza G-code inayotoka (maagizo ambayo programu inaiandikia mashine) ametuokoa: ilianza na G20, yaani inchi, na sisi tunachonga kwa milimita. Tukabadilisha iwe G21, tukaendesha hewani kwanza, ndipo tukagusa chuma. Ile njia ya programu mpya ya kukata huku kikataji kikibeba mzigo sawa muda wote ni kiboko. Kikataji kikiingia kona, mlio haubadiliki.

Kilichogoma ni kutoboa. Kontrola yetu ya zamani (kompyuta inayoendesha mashine) haielewi G83, agizo moja la kutoboa kwa kushuka kidogo kidogo, kwa hiyo programu sasa inaandika kila mshuko kwa G0 (mwendo wa haraka) na G1 (mwendo wa kukata). Faili ni refu mno, ila linatoboa vizuri. Orodha ya vikataji haikuhamishika, bado tunaijaza kwa mkono.