Old Moses siku moja kutoka Nakuru: chakula tupike huko?

Mama Lanet
Habari zenu. Sisi ni watu sita, tuko Nakuru. Tunataka kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, tufike kambi ya Old Moses, tule chakula cha mchana, turudi. Hatulali. Nimesikia pale ni kujipikia. Je, kuna jiko na sufuria, ama tunabeba? Nilipanga githeri, watu washibe. Mazoezi tumefanya kwenye kreta ya Menengai tu, hapa Nakuru.

Fundi wa Bahati
Mama, githeri iache nyumbani.

Mwaka juzi tulipanda na vijana wa kanisa. Mimi ndiye niliyesema tubebe githeri iliyoiva nusu, tumalizie juu. Tuliwasha gesi, maji yakachemka haraka, tukafurahi. Saa nzima ikapita, nusu nyingine ikapita, maharagwe bado changarawe. Pale ni kama mita 3,300, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 89 hivi, si 100. Yanatokota, lakini hayana moto wa kuivisha maharagwe. Tulikula mahindi tukatema maharagwe, na mpaka leo vijana wananiita Mzee Githeri.

Kwa hivyo pika ndengu nyumbani, ziive kabisa, juu upashe tu. Chapati zifunge kwa kitambaa. Jiko la gesi, sufuria, vikombe, kiberiti, vyote beba mwenyewe. Usitegemee kuni, moto wa kuni hauruhusiwi mbugani. Kinachopatikana ni paa, vitanda vya ghorofa kwa wanaolala, na maji. Hayo maji uyachemshe.

Njia yenyewe si ngumu, ni barabara ya gari, kama kilomita 9 kutoka langoni. Lango liko mita 2,650 hivi, kwa hivyo mnapanda mita 650. Sisi tulitumia saa nne, tukisimama kila mtu akiona kinyesi cha ndovu. Menengai inasaidia miguu, lakini ukingo wake hata mita 2,300 haufiki. Kichwa kikianza kugonga na mtu akitapika, mteremshe hapo hapo. Msingoje chai.

Shangazi wa Njoro
Fundi amesahau kitu kimoja: maji msibebe kwa chupa za plastiki za dukani. Tangu Juni 2020 zimepigwa marufuku mbugani. Na ada hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, lipeni mkiwa mjini.

Fundi wa Bahati
Kweli, shangazi. Pia msitoke Nakuru asubuhi hiyo hiyo. Mpaka mpite Nyahururu, mfike Nanyuki, halafu lango lenyewe, jua limeshapanda, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Laleni Nanyuki. Aprili msijaribu, mtalowa.

Mama Lanet
Asanteni sana. Ndengu nitazipika Ijumaa kabla ya safari, tulale Nanyuki. Shida iliyobaki ni baba watoto, ameng'ang'ania kubeba jiko la makaa, eti chai ya gesi haina ladha. Nimemwambia Jumamosi hii alizungushe Menengai kwanza, na gunia la makaa mgongoni.

Shangazi wa Njoro
Utuletee picha.